Niazime Kalamu: Maneno ya Kiingereza Yanayotuchanganya

Nani ana kalamu aniazime? Asante, dada. Sasa ngojeni niliseme ombi hilohilo kwa Kiingereza cha darasani kwetu: Can you borrow me your pen? Mnacheka, lakini wengi wetu tumelisema.

Tusisingizie uzembe. Kiswahili kinatumia azima kwa anayetoa na kwa anayepokea: mimi nimeazima kalamu kwa dada, na dada ameniazima kalamu. Mwingereza amewatenga hao wawili. Apokeaye hufanya borrow, atoaye hufanya lend. Basi hapo iwekeni azima kando, mshike maneno ya dukani. Kukopa na kukopesha hatuyachanganyi hata siku moja, maana pana fedha! Kopa ni borrow, kopesha ni lend. Kwa hiyo dada, lend me your pen.

Pengine Kiswahili ndicho kinachotuokoa. Less na fewer huwasumbua hata wenye lugha. Sisi tunasema maji kidogo, watu wachache. Ukisema watu kidogo, hata mtoto atakusahihisha. Panapokubali -chache weka fewer, panapodai kidogo weka less. Na kanuni yenyewe si ya kale kama walimu wetu walivyotutisha. Robert Baker, mwandishi Mwingereza wa mambo ya lugha, aliipendekeza mwaka 1770, ilhali Mfalme Alfred wa Uingereza ya kale, huko karne ya 9, alishaitumia less kwa vitu vinavyohesabika. Lakini imeota mizizi: mwaka 2008 Tesco, wale wa maduka makubwa ya Uingereza, waliamua kuondoa vibao vya 10 items or less kwenye foleni za haraka, wakaweka up to 10 items. Wakakwepa ugomvi wote! Ila kwenye fedha, muda na umbali, sema less than 500 shillings bila hofu. Unataja kiasi, huhesabu sarafu mojamoja.

Its na it's nisiwachelewesheni. Irefushe: ikikubali it is au it has, tia ritifaa, ileile ya ng'ombe. Ikikataa, hiyo ni yake, lake, chake, usitie kitu.

Naona mkono kule nyuma. Advice na advise? Yenye c ni ushauri, yenye s ni kushauri. Na usiseme an advice. Haihesabiki, kama vile nasi hatusemi ushauri mmoja, ushauri wawili. Haya, dada, kalamu yako hii.