Msimnyang'anye Milulu

Kamwene! Wazazi wangu, walimu wenzangu, wengi mnajua nitasema nini: tuwaachie watoto nafasi ya kujua wanapenda nini. Nimelisema kwenye vikao vingi na nitalisema mpaka lisikike. Leo naanza na binti mmoja niliyemfundisha hesabu darasa la sita, huku huku Iringa.

Hesabu zilimshinda. Nikimwekea kosa kwa kalamu nyekundu, anageuza ukurasa upesi, kama mtu anayefunika chungu kilichoungua. Hasahihishi, haulizi. Siku moja wakati wa mapumziko nikamkuta nyuma ya darasa, miguu kainyoosha, anasuka kikapu cha milulu, nyasi zetu za kusukia. Nikamnyang'anya. Nikamwambia mambo ya vikapu amwachie bibi yake, darasa la saba hilo linakuja. Nikakifungia kabatini.

Jumamosi nikaenda kwao kuzungumza na huyo bibi. Binti yuko mkekani, ameanza kingine, kimeshapanda shubiri nzima kutoka kitakoni. Akakigeuza, akakisogeza kwenye mwanga, akaanza kukifumua. Nikauliza, kuna nini? Bibi akasema, "Ameruka mlulu mmoja huko chini." Mimi sikuona kitu! Na hakuna aliyemwambia, ameona mwenyewe. Akafumua kazi ya siku mbili, taratibu, analowesha milulu isikatike, mpaka akafika penye kosa. Akaanza upya. Hata kununa hakununa.

Wazazi, hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta kwenye daftari lake mwaka mzima. Mtoto anayerudi penye kosa! Kumbe anacho, nami nimekitia kufuli.

Jumatatu nikamrudishia kikapu chake, nikamwomba radhi. Sitawadanganya kwamba alianza kupata mia kwa mia. Hakupata. Ila alianza kuja mezani na daftari: "Mwalimu, nimeruka wapi?" Neno lile lile la kikapu.

Najua kuna mzazi anasema moyoni, kikapu hakiulizwi kwenye mtihani. Kweli, hakiulizwi. Na mimi ni mwalimu wa hesabu, sitamwambia mtoto yeyote aache hesabu. Lakini mtoto anatoka nyumbani alfajiri kwa baridi yetu hii ya Juni, jioni twisheni, Jumamosi twisheni tena, Jumapili anafua sare. Niambieni, ni saa ngapi huyo atajua anapenda nini?

Mwingine atasema hayo ni mambo ya shule za kulipia, zenye piano na bwawa la kuogelea. Hapana jamani! Milulu inaota kwenye vinamasi vyetu wenyewe. Mtoto wa Mafinga amezungukwa na mbao za msitu wa Sao Hill, na vipande vinaishia jikoni. Nani amempa kimoja na msumari akamwambia, haya, tengeneza unachotaka?

Na hili la shamba linaniuma. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotuletea Elimu ya Kujitegemea, shamba la shule lilikuwa mahali pa kujifunza. Sisi tumelifanya nini? Umechelewa, shambani. Umepiga kelele, shambani. Huku ndiko nchi inakotegemea mahindi na viazi, halafu tunawafundisha watoto kwamba jembe ni fimbo nyingine. Yule aliyezaliwa anapenda mimea atasemaje mbele ya wenzake kwamba anapenda adhabu?

Mtaniambia sera imebadilika. Naam, sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari, yaani masomo ya ufundi na stadi za kazi, na nimefurahi. Lakini mtoto akifika kidato cha kwanza bila kuwahi kuulizwa anapenda nini, atachagua amali gani? Atachaguliwa.

Nilikuwa na maneno juu ya muziki na michezo, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Niseme moja tu: UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, ni mara moja kwa mwaka, mtoto ana miguu mwaka mzima.

Walimu wakuu, naomba Ijumaa alasiri, saa moja tu, isiyo na twisheni wala usafi. Na kabla hatujatawanyika, mama zangu mnaosuka, nyoosheni mikono. Mmoja, wawili... yule pale mlangoni, watatu. Msiondoke, mama zangu. Nina watoto kumi na wawili wanawasubiri.