Ile bahasha ya shule msiitupe

Bwana asifiwe. Wazee wangu shikamooni, na vijana mlioko kule nyuma sogeeni, viti vipo. Asanteni kwa kubaki baada ya ibada, najua kuna watu wanaingia shifti saa tisa kwa hiyo naenda moja kwa moja.

Nimekuja na hii. Mnaiona? Imeletwa kwangu juzi, jina la distrikti ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za eneo letu, liko juu, karatasi yake nyembamba inang'aa kama yale matangazo ya supamaketi, na ndo maana wengi wetu tukiitoa kwenye boksi la posta inaishia kwenye takataka. Humu ndani kuna bajeti ya shule za mji wetu wa Utica, jimbo la New York, ya mwaka mzima, kuanzia tarehe 1 mwezi wa saba mpaka tarehe 30 mwezi wa sita mwaka unaofuata, na wanatuuliza sisi, ndiyo au hapana. Siku ni Jumanne ya tatu ya mwezi wa tano. Sasa jiulizeni, bajeti ya Washington nani aliwahi kuja kukuuliza? Ya jimbo kule Albany je? Hakuna. Hii ya shule wanakufuata mpaka mlangoni.

Na si kila mji wanaulizwa. Ndugu zetu walioko Syracuse, Buffalo na Rochester hii kura hawana, wala Yonkers, wala New York City, kwa sababu hiyo miji mitano mikubwa shule zake hazitozi kodi zenyewe, pesa inapita kwenye bajeti ya mji. Kwa hiyo binamu yako wa Syracuse akikwambia hakuna kitu kama hicho, anasema kweli ya kwake, wewe uko Utica.

Tuje kwenye kodi, hapa ndo tunachanganyikiwa, na Kiswahili chetu nacho kinachangia maana neno ni lilelile. Sisemi kodi unayompa landlodi mwisho wa mwezi, nasema kodi ya majengo anayolipa mwenye nyumba, na sehemu kubwa ya hiyo inaenda shule. Halafu usiseme mimi mpangaji hainihusu, landlodi anaitoa wapi kama si kwenye pesa yako?

Tangu mwaka 2011 jimbo lina sheria ya kubana hiyo kodi. Watu wanaiita ya asilimia mbili, lakini ni asilimia mbili au kiwango cha bei kupanda, chochote kilicho kidogo, na kuna vitu vinaruhusiwa kuongezwa juu, ndo maana unaweza kuona distrikti imeandika tatu na bado iko ndani ya sheria. Na kinachobanwa ni jumla ya kodi yote ambayo distrikti inakusanya, si bili yako wewe. Bili yako inaweza kupanda zaidi ya hapo au ikashuka, inategemea nyumba yako imethaminiwaje. Sasa distrikti ikitaka kuvuka hicho kiwango, nusu ya kura haitoshi, lazima ipate asilimia 60. Watu 1,000 wakipiga kura, 580 wakasema ndiyo, imeanguka. Hao 20 waliokosekana ni mistari miwili ya viti humu ndani.

Nisimulie kidogo. Kabla ya kuhamia hapa tulikaa distrikti nyingine ndogo, humuhumu jimboni. Bajeti ikakataliwa mwezi wa tano, wakairudisha Jumanne ya tatu ya mwezi wa sita, ikakataliwa tena. Sheria inasema ikifika hapo bodi inapitisha bajeti ya dharura, na kodi haiwezi kuzidi ya mwaka uliopita hata dola moja. Kwenye sikio inasikika vizuri, sindiyo? Ila bima ya wafanyakazi ilipanda, mafuta ya mabasi yalipanda, na vitu ambavyo sheria inalazimisha huwezi kugusa, kwa hiyo wakakata ambavyo havilazimishwi. Wakakata basi la saa kumi na moja, lile linalorudisha watoto waliobaki mazoezini.

Kijana wangu alikuwa gredi ya tisa. Mwezi wa kwanza, giza limeshaingia, theluji imesukumwa pembeni imefunika njia ya miguu yote, mtoto anatembea barabarani na magari, maili mbili na zaidi, mimi niko kazini mpaka saa mbili usiku. Nikirudi nakuta viatu vyake mlangoni vimekauka na chumvi nyeupe ya barabara, nakaa pale chini navipangusa na kitambaa cha maji ya moto na bado ile chumvi inarudi kesho yake. Mwezi wa pili akaacha mpira. Uraia nilikuwa nao tayari, na siku ya kura nilikuwa ofu, niko nyumbani. Hilo linaniuma mpaka leo.

Na chini ya bajeti ya dharura shule hairuhusiwi kuwapa watu wa nje majengo bure, lazima walipie gharama. Mnajua vijana wetu Jumamosi wanacheza kwenye jim ya nani.

Sasa nisikilizeni vizuri, hili ni zito. Anayepiga hii kura ni raia wa Marekani, miaka 18 kwenda juu, amekaa kwenye distrikti siku 30, na amejiandikisha. Kama una grinikadi tu, yaani kibali cha kuishi hapa lakini bado si raia, USIPIGE. Hata mtu akikwambia ni kura ndogo ya shule, usipige, usisaini fomu ya kujiandikisha, inaweza kukuharibia uraia na hata kukurudisha ulikotoka. Ila kwenye kikao cha bajeti, kile kinachofanyika wiki moja au mbili kabla ya kura, nenda, kaa, nyoosha mkono, sema, pale hawaulizi karatasi.

Na wazazi mlioapa uraia, watoto wenu waliokuwa chini ya miaka 18, wana grinikadi na wanaishi na nyinyi, walipata uraia siku ileile. Yule wa gredi ya 12 aliyetimiza 18 anaweza kupiga, ajiandikishe tu. Yeye ndo anajua darasani kwao wako wangapi na mwalimu wa muziki kama bado yupo.

Fomu ziko mezani pale karibu na chai. Kuna mama mmoja hapa mbele ameshatoa bahasha yake kwenye pochi, naona bado haijafunguliwa. Mama, nipe, tuanze na hiyo, nitasoma mstari kwa mstari na mnisimamishe popote.