Mwisho wa Kujengeka kwa Milima Husomwa Kwenye Mashapo

Ndugu zangu, wengi wetu tumeitazama Uluguru tukiwa barabarani kwenda Morogoro. Ninachouliza leo ni kwamba nguvu zilizoukunja mwamba wa milima ile zilikoma lini?

Naisi ya Uluguru, yaani mwamba uliogeuzwa kwa joto na mgandamizo, kwa vipimo vya madini ya zirkoni, ilipikwa chini sana ardhini zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, mabara yalipogongana. Hiyo ni tarehe ya joto. Tarehe ya kukoma lazima tuitafute kwenye miamba ya mashapo, yaani ya mchanga na tope vilivyotuama matabaka kwa matabaka.

Tabaka lililokunjwa lilikuwapo kabla mkunjo haujaisha. Tabaka lililolala juu yake bila kukunjwa lilikuja baadaye. Mwisho uko kati ya hayo mawili. Mwanajiolojia James Hutton aliuona mpangilio huu mwaka 1788 huko Siccar Point, pwani ya Uskoti: matabaka ya miaka milioni 435 hivi yamesimama karibu wima, na juu yake mawe mekundu ya mchanga ya miaka milioni 370 hivi yameinama kidogo tu. Pengo ni miaka milioni 65. Namba zilipatikana baadaye sana, lakini mpangilio aliusoma kwa macho, na hadi leo sijaona ushahidi unaonishawishi kuliko huo.

Kwetu, juu ya miamba mikongwe kama ile, Tanga na bonde la Ruhuhu, kuna matabaka ya Karoo, yale yenye makaa ya mawe. Visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, vya majani ya mmea wa kale uitwao Glossopteris vinayaweka makaa hayo katika kipindi cha Permi, miaka milioni 299 hadi 252 iliyopita. Yamepasuka na kuinama, ila mgongano ule haukuyagusa. Tena yamekalia mwamba uliopikwa kilomita nyingi chini, kwa hiyo mvua na mito vilikuwa vimeshaumaliza mlima wote wa juu. Pengo letu basi ni kama miaka milioni 300. Ni pana mno! Matabaka ya katikati ama hayakuwekwa, ama yalimomonyoka.

Pengo hubanwa kwa kokoto na punje. Kokoto ya naisi ndani ya tabaka inathibitisha kwamba naisi ilikuwa imeshafunuliwa. Punje ya zirkoni iliyo changa kuliko zote huweka ukomo, maana tabaka haliwezi kuizidi umri punje lililoibeba. Linaweza kuwa changa zaidi, hata kwa mamilioni ya miaka, na hapa ndipo nawasihi wanafunzi wawe waangalifu.

Urefu wa Uluguru tunaouona leo ni habari nyingine. Umetokana na mipasuko ya baadaye sana iliyoinua bonge zima la ardhi, na tarehe zake tunazitafuta katika mashapo machanga zaidi, yakiwemo ya pwani hii. Hayo nitayachukua baada ya chai.