Ile nyumba yenye herufi za Kigiriki, nani analala humo usiku?

Shikamooni wazee wangu, mama zangu, na nyie vijana habari za jioni. Asanteni kwa kutoka na baridi hili la Columbus, najua wengine mmetoka shifti moja kwa moja mkaja hapa hata kula hamjala. Naomba nianze na swali la mama mmoja aliyenishika mkono pale mlangoni sasa hivi, binti yake anaanza chuo Agosti, akaniambia mwanangu, zile nyumba zenye herufi za Kigiriki nilizoziona kule chuoni, zile ni za kanisa gani?

Mama, sio kanisa. Ni fraterniti na sororiti, vyama vya udugu, fraterniti za wavulana na sororiti za wasichana, mtu anaingia akiwa mwaka wa kwanza au wa pili na anabaki humo mpaka uzee wake. Ila nalipenda swali lako kwa sababu mzazi akiiona ile nyumba, kubwa, nguzo nyeupe, hatua mia tu kutoka maktaba, anajua hii ni mali ya chuo na chuo kinaiangalia. Mara nyingi sivyo. Kiwanja sio cha chuo, hati sio ya chuo, ni ya kampuni ya wazee waliosoma zamani humohumo, na juu yao kuna makao makuu yaliyo jimbo lingine kabisa.

Ilikuwaje hivyo? Mambo haya ni ya zamani sana, Phi Beta Kappa ilianza 1776 pale William & Mary, Virginia, ikiwa na siri na alama zake, halafu vile vyama vya kuishi pamoja kama tunavyovijua leo vikaanzia Union College jimbo la New York, Kappa Alpha mwaka 1825. Wakuu wa vyuo wa enzi zile wengi walikuwa wachungaji na hawakuvipenda kabisa, kitu cha siri ndani ya chuo cha dini kinaleta nini? Princeton ilifika mahali mwanafunzi anasaini kwamba hatajiunga. Purdue nayo ilijaribu hivyohivyo, mwanafunzi hakusaini hakupokelewa, kesi ikaenda mpaka mahakama kuu ya Indiana na mwaka 1882 chuo kikashindwa, mkuu wake akaacha kazi mwaka uliofuata. Mississippi walienda mbali zaidi, mwaka 1912 bunge la jimbo likapiga marufuku kabisa kwenye vyuo vya serikali, na Mahakama Kuu ya Marekani ikasema 1915 kwamba jimbo lina haki hiyo. Haikufika miaka kumi na tano marufuku ikaondolewa.

Mnaona lakini? Kukataza kwenye karatasi hakukuwa shida. Shida ilikuwa vitanda. Vyuo vilikuwa vinakua haraka na mabweni hayatoshi, na wengine kama Andrew White, mkuu wa kwanza wa Cornell, hakuyaamini mabweni, aliona ni chanzo cha fujo, na yeye mwenyewe alikuwa mwanachama wa fraterniti akaona bora vijana waishi kwenye nyumba zao. Hapohapo Cornell, mwaka 1873, chuo kina miaka mitano tu, kijana mmoja mtoto wa jenerali alichukuliwa usiku kuingizwa kwenye chama, wakamfunga kitambaa machoni, wakatembea naye gizani, wakaanguka kwenye korongo, akafa. Miaka mia na hamsini iliyopita hiyo, na ukibadilisha korongo ukaweka besimenti na chupa ya vodka unapata kesi za juzi.

Hilo la kumtesa mgeni ndo wanaita hezingi. Waliosoma bodingi Kenya wanajua habari za mono, waliosoma Tanzania wanajua njuka, unaamshwa saa nane usiku ukapige deki chumba cha watu. Kwa hiyo tusijifanye hatulijui. Tofauti ya hapa ni pombe, na ni siri, na ni kwamba mtoto mwenyewe anataka aingie, anavumilia ili akubalike. Na mtoto wetu ana kiu ya kukubalika kuliko hata hao wenyeji, hilo tuliseme wazi, ametoka kwenye familia ambayo haina mtu yeyote aliyemtangulia pale.

Sasa sikilizeni habari ya mahakama maana hapa ndo kiini. Zamani chuo kilihesabiwa kama mzazi, kinakupangia saa ya kulala, wasichana wakichelewa kurudi bweni wanaadhibiwa. Miaka ya 60 hilo likavunjika, na lilivunjwa na watu waliokuwa na haki kabisa, mwaka 1961 wanafunzi weusi wa Alabama waliofukuzwa kwa sababu ya kudai haki zao walishinda kesi, mahakama ikasema chuo cha serikali hakiwezi kumfukuza mtu bila kumsikiliza. Kidogokidogo vyuo vikaacha kuwa mzazi. Mwaka 1979 mahakama moja ya rufaa ikasema kabisa chuo cha siku hizi sio mdhamini wa usalama wa mwanafunzi aliyeumia baada ya sherehe ya pombe. Wakuu wa vyuo wakapumua.

Halafu ikaja kesi ya chuo cha Delaware. Mwaka 1980 kijana anaingizwa fraterniti ya Sigma Phi Epsilon, usiku wa mwisho wa kuteswa, mtu akammwagia dawa ya kusafishia oveni kichwani, ikamuunguza. Kesi iliisha 1991, Mahakama Kuu ya Delaware ikasema chuo kina wajibu, na sababu mojawapo ni kwamba chuo chenyewe kilishatoa maonyo na kanuni dhidi ya hezingi, kwa hiyo kilijua na kilishajiingiza. Mimi naona hukumu ile ilikuwa ya haki. Ila wanasheria wa vyuo waliisoma vingine, walisoma hivi: ukishika umeshika, ukiangalia sana utashtakiwa kwa kuangalia vibaya. Kuanzia hapo vyuo vingi vikajifunza kusimama kati, viko karibu vya kutosha kuchapisha picha za hizo nyumba kwenye vipeperushi, viko mbali vya kutosha kusema sio yetu.

Na mimi nilionja. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alinipigia saa saba usiku kwa simu ya kuazima, ananong'ona, anasema mjomba wamechukua simu zetu zote wameweka kwenye ndoo na hatujui tunapelekwa wapi. Nilikuwa umbali wa masaa manne. Asubuhi nikapiga chuoni, dada aliyepokea mpole kabisa, ananiambia ile nyumba ipo nje ya kampasi, wasiliana na makao makuu yao. Nikapiga makao makuu, wakasema kila tawi lina mshauri wake, wakanipa namba. Mshauri ni bwana mmoja anauza nyumba, alisoma pale zamani, alinipigia jioni saa kumi na mbili. Siku nzima hiyo na wala hakuna aliyenitukana, wote wananiita sir. Mpwa wangu alitoka salama na akaacha, namshukuru Mungu. Tangu siku ile ndo nikaanza kusoma haya mambo.

Kwa hiyo nikisikia chuo kinasema tuna kanuni kali, nauliza, ndani ya nyumba kuna nani? Penn State, Februari 2017, nyumba ya fraterniti ya Beta Theta Pi. Kanuni inasema nyumba hii haina pombe. Kuna kamera ukutani. Kwenye karatasi huwezi kupata nyumba safi kama ile. Kijana wa mwaka wa pili amenyweshwa haraka haraka, anaanguka kwenye ngazi za besimenti kabla ya saa sita usiku, wanambeba wanamlaza kwenye kochi, anaamka anaanguka tena, na tena, kamera zinarekodi kila kitu, na simu ya ambulensi inapigwa inakaribia saa tano asubuhi. Masaa kama kumi na mbili. Baada ya hapo chuo kikawanyang'anya wanafunzi kazi ya kuadhibu fraterniti kikaichukua chenyewe, na Pennsylvania ikapitisha sheria 2018 yenye jina la yule kijana. Kamera ziliona. Hakuna mtu mzima aliyekuwa anaziangalia saa ile.

Kuna wanaosema basi zifungwe zote. Williams walianza kuzifunga 1962, Amherst 1984, Bowdoin baadaye, na imewezekana, ni vyuo vidogo na vilijenga vitanda. MIT baada ya kijana wa mwaka wa kwanza kufa kwa pombe 1997 ililipa familia na kuomba radhi, na kuanzia 2002 kila mwaka wa kwanza analala bweni la chuo. Hiyo mimi naiunga mkono mia kwa mia, kwa sababu zamani mtoto alikuwa anafika pale na ndani ya siku chache tu ameshachagua nyumba, hata njia ya kwenda darasani haijui. Lakini angalieni Colorado, Boulder. Mwaka 2005, baada ya kifo, chuo kikataka mtu mzima aishi ndani ya kila nyumba na wanachama wapya wasichukuliwe mpaka muhula wa pili, fraterniti zikakataa, zikajitoa kwenye chuo, zikaunda baraza lao wenyewe. Nyumba zipo palepale, vijana ni walewale. Fraterniti na sororiti za wanafunzi weusi nazo, mwaka 1990, baada ya kifo pale chuo cha Morehouse, viongozi wao wa kitaifa walifuta kabisa kile kipindi cha majaribio ya wanachama wapya, kwa nia njema kabisa, na kikaendelea kisirisiri.

Na nawaomba msitoke hapa mkidhani navichukia. Alpha Phi Alpha, fraterniti ya weusi, ilianzishwa Cornell 1906 kwa sababu kijana mweusi pale alikuwa peke yake, hana hata mtu wa kusoma naye. Alpha Kappa Alpha ya 1908, sororiti ya weusi, ndo ya Kamala Harris aliyekuwa makamu wa rais. Na kwa upande wa nyumba za wazungu, University of Alabama mpaka 2013 gazeti la wanafunzi ndo lilifichua kwamba wasichana weusi wanakataliwa kwenye sororiti, wanafunzi wenyewe walitaka kuwapokea, waliokataza ni wale wazee wa zamani. Mkuu wa chuo akaagiza usajili ufunguliwe upya, na wasichana weusi wakapokelewa. Miaka yote hiyo chuo kilikuwa hatua mia kutoka kwenye zile nyumba.

Kitu cha kutusaidia sasa kipo. Hapa Ohio tangu 2021 kuna sheria ya Collin, yenye jina la mwanafunzi wa humuhumu Ohio aliyekufa, kumlazimisha mtu kunywa akaumia vibaya ni kosa kubwa la jinai, na wafanyakazi wa chuo wakijua hezingi wasiporipoti nao wana kosa, na chuo kinatakiwa kiweke hadharani waliokutwa na hatia. Desemba 2024 Biden, aliyekuwa rais, akasaini sheria ya nchi nzima, kila chuo kihesabu hezingi na kitangaze. Hizo taarifa ziko wazi, bure. Ila chama kikishajitoa chuoni jina lake huenda usilione kwenye ile orodha, kwa hiyo usiishie kusoma, piga simu uulize, nyumba hii inatambuliwa na chuo? Hati ni ya nani? Nani mtu mzima analala humo, namba yake ngapi? Wakisita, umeshajibiwa.

Laptop hii hapa na intaneti ya ukumbi inafanya kazi. Haya mama, chuo cha binti kinaitwaje? Njoo ukae hapa karibu yangu tuanze na chako.