Nyumba ya Vioo na Maji ya Jirani

(Mhadhara kwa wanafunzi wa usanifu majengo, mafundi na wenyeviti wa mitaa, Mwanza)

Mwangaluka ndugu zangu. Wazee wangu, shikamooni.

Leo nimekuja na nyumba moja tu, na nyumba yenyewe ni chumba kimoja. Iko Plano, jimbo la Illinois, Marekani, kiasi cha kilomita 90 kutoka Chicago, ukingoni mwa mto Fox. Aliyeisanifu ni Ludwig Mies van der Rohe, Mjerumani aliyehamia Marekani. Mwenye nyumba alikuwa daktari wa figo, mama mmoja aitwaye Edith Farnsworth. Ilikamilika mwaka 1951. Nguzo 8 za chuma zimebeba sakafu na paa, sakafu imeinuliwa kama mita 1.6 kutoka ardhini, na pande zote nne ni kioo. Fundi aliyezoea kupandisha tofali za inchi sita atauliza, ukuta uko wapi? Ukuta ni miti. Ukiwa ndani, kinachokusitiri ni miti ya mtoni na uwanda wa majani. Nusu ya nyumba ile haikujengwa na fundi yeyote, na mji ulianza kuila kwa nusu hiyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya eneo lile ilitaka kuhamisha barabara na kujenga daraja jipya. Ikatwaa kipande cha ardhi ya daktari. Akaenda mahakamani, akashindwa. Magari yakaanza kusikika na kuonekana kutoka ndani kwake. Hakuna aliyegusa hata kioo kimoja, na kwenye karatasi nyumba ilikuwa nzima kabisa. Mwaka 1972 akaiuza, akahamia Italia. Mnunuzi wake, Peter Palumbo wa Uingereza, alipanda miti mingi kuziba pengo, na mimi namheshimu kwa hilo, maana alielewa alichonunua.

Sasa njooni kwenye maji. Mto Fox unatoka kaskazini, na kabla ya kufika Plano unapita kwenye viunga vya magharibi mwa Chicago. Palipokuwa mashamba pakawa mitaa: mapaa, lami, maegesho, nyua za zege. Mvua ambayo udongo ungeinywa taratibu sasa inakimbilia mtoni kwa saa chache. Tuseme kweli yote: mto ule ulifurika tangu zamani, msanifu aliiweka nyumba kwenye bonde la mafuriko huku akijua, na maji yaliingia ndani mwaka 1954, nyumba ikiwa na miaka 3 tu. Lakini mwaka 1996 yalivunja kioo na kupanda kama mita moja na nusu juu ya sakafu. Mwaka 2003 wahifadhi waliinunua mnadani kwa dola milioni 7.5, wakihofia mtu mwingine angeing'oa na kuihamisha. Wakapata hati. Mwaka 2008 maji yakarudi, yakaingia ndani, hati ikiwa kabatini. Wataalamu wamefika hatua ya kujadili jeki za kuinyanyua nyumba nzima kila mto unapojaa.

Watu wa Mabatini, hapa hapa Mwanza, hawahitaji mimi niwafafanulie. Mto Mirongo wanaujua. Kila kiwanja kinachokatwa mlimani juu yao, kila ua unaomwagwa zege, maji yake yanapita kwao kabla ya kufika ziwani.

Kuna nyumba moja Capri Point, mtaa wa hapa Mwanza kando ya ziwa, niliyokuwa naipitia nikiwa mwanafunzi. Ndogo, paa la zege, baraza refu, imekaa kati ya majabali mawili kana kwamba jabali lilisogea kuipisha. Aliyeichora alikataa kupasua jiwe, alipinda chumba. Nilijifunza kuchora kwa kuitazama ile kona. Kisha jirani akapata kibali. Wakawasha moto chini ya jabali, wakaligonga nyundo, likageuka kokoto. Leo nyumba ipo, imepakwa rangi, ila baraza lake linatazama ukuta wa ghorofa tatu. Nilisimama pale nikashindwa kumwonyesha mwanangu nilichokuwa nimemleta akione.

Sheria zetu? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Mwanza hii tunayoiona imejengwa baada ya hapo. Waziri anaweza kutangaza jengo la baadaye kuwa la kuhifadhiwa, na wanafunzi wangu, hapo pana kazi yenu: pimeni, choreni, pigeni picha, ili awe na cha kutangaza. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Ziwa lilipopanda mwaka 2020, wengi waliojenga kwenye maji walizikumbuka hizo mita.

Lakini sisi tuliozaliwa Usukumani tuna neno letu kwa jambo hili: ngitili. Mzee mwenye ng'ombe hakuhesabu ng'ombe peke yao. Alifunga kipande cha malisho wakati wa masika, mifugo isikanyage, ili kiangazi kisimkute na mifugo bila majani. Naomba kila nyumba tunayotaka ibaki ichorwe pamoja na ngitili yake: jabali lake, mteremko wake, njia yake ya maji, upenyo wake wa kuliona ziwa. Mwenyekiti wa mtaa akiletewa ramani ya kiwanja jirani, aiweke juu ya mchoro huo kabla hajagonga muhuri.

Jumamosi saa moja asubuhi tunaanzia daraja la Mirongo, tunaufuata mto kwenda juu mpaka viwanja vipya. Njooni na futi kamba, daftari, na viatu ambavyo havijali tope. Wenyeviti wa Mabatini wameshaniambia watakuja.