Gualajo: Mtoto Aliyekatiwa Kitovu Chini ya Marimba

Ndugu zangu, nianze na neno mlilolijua tangu utotoni: marimba. Huko Guapi, mji wa mtoni katika pwani ya Pasifiki ya Kolombia, mahali pasipofikika kwa gari bali kwa boti au ndege, nao wanaita marimba. Hawakulitoa kitabuni. Wazee wao, Waafrika waliochimbishwa dhahabu kwenye mito ile hadi utumwa ulipofutwa mwaka 1851, walikwenda nalo.

Mzee wetu wa leo alizaliwa huko mwaka 1939. Jina la kwenye vyeti ni José Antonio Torres Solís, lakini watu walimwita Gualajo, jina la samaki. Husimuliwa kwamba kitovu chake kilikatwa chini ya marimba. Mimi naiamini nusunusu! Ila haishangazi isimuliwe, kwani kwa akina Torres nyumba ndiyo karakana. Kupiga marimba na kuitengeneza ni kazi moja.

Hapo nataka tukae kidogo. Vibao vya marimba hutoka kwenye chonta, mti wa jamii ya mnazi, mweusi na mgumu. Huukata mwezi unapopungua ili usiliwe na wadudu. Fundi huchonga kibao, hukigonga, huimba, kisha huchonga tena. Kipimo chake ni koo, na ndiyo sababu marimba ya kikale haipatani na kinanda. Chini ya kila kibao hukaa kipande cha mwanzi cha kukuza sauti. Wapigaji ni wawili kwa marimba moja: mmoja besi, mwingine sauti za juu. Pembeni kuna ngoma, na akina mama wanatikisa guasá, mwanzi uliotiwa mbegu, huku wanaimba.

Muziki huo wa kuchezwa, uitwao currulao, haukupendwa na kila mtu. Wazee wa huko husimulia habari za padre aliyeamuru marimba zitupwe mtoni, akisema ni za shetani.

Baadaye Gualajo alisifiwa kuwa “mpiga piano wa msituni”. Sifa hiyo hainipendezi, samahani; kwani mpiga marimba ana upungufu gani mpaka aazimwe piano? UNESCO iliuorodhesha muziki huu kuwa urithi wa utamaduni mwaka 2010. Gualajo alifariki katika mji wa Cali mwaka 2018.

Sasa nawawekea rekodi yake. Msikimbilie sauti za juu. Anzeni na mkono wa besi.