Kwale Aliyegunduliwa Chunguni

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Wengi wenu nikitaja kwale mnamkumbuka yule wa mashambani: amejibanza kwenye nyasi, humwoni mpaka umkaribie hatua mbili, mara puruu! karuka, na moyo wako unaruka naye. Huyo leo tumwache. Nimekuja na kwale wa msituni, wa milima ya Udzungwa nchini Tanzania, ndege ninayempenda kuliko wote.

Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa wamepiga kambi msituni huko. Ndani ya chungu wakaona jozi ya miguu ya ndege wasiyoitambua. Ndivyo sayansi ilivyompata! Mwaka 1994 akatangazwa rasmi, wakamwita Xenoperdix, yaani kwale mgeni. Mgeni kwa nani? Mtu aliyemtega na kumtia chunguni alikuwa akimjua tayari, na jambo hilo napenda tulikumbuke kila hadithi hii inaposimuliwa.

Tazameni picha hii. Uso na koo vina rangi ya kutu, mdomo mwekundu, miguu ya manjano. Kifuani ni kijivu chenye madoa meusi, mgongoni kahawia yenye michirizi. Akisimama kimya juu ya majani makavu, unaweza kumpita.

Cha ajabu zaidi ni ukoo wake. Ndugu zake wa karibu hawako Afrika. Wako kwenye misitu ya milima ya Asia. Babu zao waliachana mamilioni ya miaka iliyopita. Sehemu kubwa iliyo katikati ikakauka, lakini Udzungwa, kwa ukungu na mvua zinazoletwa na Bahari ya Hindi, ikabaki mbichi, naye akabaki nayo. Anaishi katika misitu ya Ndundulu na Nyumbanitu, kuanzia karibu mita 1,300 kwenda juu. Jamaa yake yuko milima ya Rubeho. Wapo wanaomhesabu kuwa spishi ya peke yake.

Mchana hutembea kwa vikundi vidogo, wakipekua majani yaliyooza wakitafuta wadudu na mbegu. Ni ndege wa miguu. Hapo ndipo hatari ilipo, na naomba mnisikilize vizuri. Mtegaji hujenga uzio mfupi wa vijiti, anaacha mapengo, kila pengo anatia tanzi. Ndege anayeruka hana habari na uzio huo. Kwale wetu anaufuata mpaka aone upenyo, anaingiza shingo. Na kwa kuwa hawatembei peke yao, uzio mmoja unaweza kumaliza kikundi kizima. Dunia nzima hana kwingine, ndiyo maana amewekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Giza likiingia huiacha ardhi. Hupanda mtini, wakapangana tawini, wamegusana mabega, mpaka alfajiri.